Maelezo Aliyokosa Mzee Nsajigwa

Jumapili ile Ikupa alifanya kosa moja tu, na kosa lenyewe alilifanya kwa adabu. Ndiyo maana hakuliona mpaka kesho yake.

Ikupa ni mhudumu wa afya wa kijiji, huku milimani juu ya Itumba. Ni kazi ya kujitolea: fulana moja, mkoba mmoja, na lawama za kila mtu. Mwezi mzima alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wazima wakachanjwe dozi ya nyongeza ya UVIKO. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Wengine walimcheka, wengine walimfungia mlango, na mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado tunasalimiana, alimuuliza vichwa vya watu anamuuzia nani.

Hata hivyo, nesi Fortunata alipoweka meza yake nje ya kanisa baada ya ibada, watu walijipanga. Miongoni mwao alikuwamo mzee Nsajigwa, baba mkwe wake Ikupa, miaka sabini na minne, koti la ibada limefungwa vifungo vyote.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kwa watu wa milima hii, wale wanaoshika mambo ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemezani, hawali pamoja, na mkamwana hakanyagi ndani ya nyumba ya mzee. Siku hizi wengi wameacha, na vijana wa Tunduma ukiwaambia habari hiyo wanakucheka. Lakini mzee Nsajigwa ni mtu wa kushika, na Ikupa naye alilelewa hivyo hivyo. Miaka kumi na moja ya ndoa, hawajawahi kubadilishana hata neno moja. Usidhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima nzito. Zamani maneno yao yalipitia kwa mama mkwe. Tangu mama afariki mwaka uliopita, yakawa yanapitia kwa Lwitiko, mume wa Ikupa, anayepakua mizigo Tunduma na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Huyo Lwitiko ndiye aliyembembeleza baba yake kwa simu mpaka akakubali kuchanjwa, na kila neno alilosema alikuwa amelishwa na mkewe.

Kazi ya Ikupa siku hiyo ilikuwa kukaa na waliochanjwa kwenye benchi kwa dakika kumi na tano na kuwapa maelezo. "Kuna maudhi madogo madogo," alimwambia kila mmoja. "Mkono utauma. Unaweza kupata homa, baridi, kichwa, viungo kuuma. Kunywa maji mengi, meza panadol, pumzika. Siku mbili tatu imekwisha." Kisha anampa vidonge vyake kwenye kikaratasi, anahamia kwa mwingine.

Mzee Nsajigwa alipotoka mezani akiwa ameshika bega, akaja benchi. Ikupa akainuka chapuchapu, akajitanda kitenge, akazunguka nyuma ya kanisa na kusimama huko mpaka alipohakikisha mzee ameondoka. Ndipo akarudi, akachanjwa na yeye, wa mwisho kabisa.

Jumatatu aliamka mkono mzito kama gogo. Meno yalikuwa yanagongana, na baridi ya Julai huku milimani si ya kuisingizia, lakini hii ilikuwa inatoka ndani ya mifupa. Hakushtuka. Si yeye mwenye kuwafundisha wengine? Akameza vidonge, akapika uji wa ulezi, akaupeleka kwa mzee, hatua kumi tu kutoka mlangoni kwake. Wana utaratibu wao: anaweka bakuli juu ya kigoda nje ya mlango, anapiga makofi mawili, anaondoka. Zamani alikuwa akikohoa badala ya makofi, ila tangu UVIKO uingie, kumkoholea mtu mlangoni kumekuwa karibu na tusi.

Saa nne alirudi kuchukua bakuli. Lilikuwa vilevile, uji umeshika utando juu.

Mzee Nsajigwa hakuwahi kuacha uji, hata wiki ile ya msiba wa mkewe. Ikupa akatega sikio. Ndani kulisikika mtu anagumia, kisha kimya, kisha anagumia tena. Mungu wangu, nimemuua baba wa watu, alijisemea. Akaona matanga yote yakipita mbele ya macho yake: shangazi za Lwitiko wakimkodolea macho, wanakijiji wakinong'ona, na yeye na fulana yake ya mhudumu hana pa kujificha.

Alikimbilia kwa jirani, Mama Goodness, akamsihi aingie amwangalie mzee.

"Mimi?" Mama Goodness alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Akinifia mikononi je? Hapana, mama. Sindano mlileta wenyewe, malizaneni nayo wenyewe."

Maneno hayo yalimchoma. Akampigia simu nesi Fortunata.

"Anapumua vizuri?" nesi akauliza. "Kifua kinabana?"

"Sijui. Sijamwona."

"Amekunywa maji? Amemeza vidonge ulivyompa?"

Vidonge alivyompa? Lini? Ikupa akaliona benchi, akajiona mwenyewe nyuma ya kanisa na kitenge kichwani, akihesabu nyufa za ukuta kwa heshima. Kijiji kizima kilipata maelezo. Aliyekosa ni mmoja tu, na ndiye wa nyumbani kwake. Yule mzee amelala mle ndani na homa, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba homa inakuja na kuondoka.

"Ikupa? Mimi niko Isongole, nafika jioni. Ingia umtazame sasa hivi. Ukiona anahema kwa shida, nipigie, tutafute gari."

"Siwezi kuingia, nesi."

"Huwezi kwa nini?"

Fortunata si mwenyeji wa huku. Ungeanzia wapi kumweleza? Ikupa akakata simu, akampigia Lwitiko, simu yake ikawa inatumika; akarudi na kusimama ukutani kwa mzee, kando ya dirisha. Alitaka kupiga makofi. Makofi yangesaidia nini?

Ndipo akasikia sauti. Mzee alikuwa anaongea na simu, polepole, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu.

"Lwitiko, mwanangu, mimi nakufa. Nyamaza, sikiliza. Mbao za jeneza ziko darini, usihangaike kununua. Jambo moja tu nakuomba. Watu watasema mke wako ndiye aliyeniua. Usikubali. Shangazi zako wasimnyooshee kidole, na mtu asimtoe kwenye mji wangu huu. Yule mtoto amenilisha tangu mama yako aondoke, hajanikosesha hata siku moja. Sindano nimeitaka mwenyewe. Umenisikia?"

Ikupa aliuma ncha ya kitenge asipige yowe. Miaka kumi na moja hakujua yule mzee anamwonaje. Alidhani hamwoni kabisa. Na sasa mzee wa watu anajiandaa kwa kaburi kwa sababu ya homa ya siku mbili, na badala ya kujililia anamwombea yeye.

Basi, heshima gani tena hiyo!

Alichota maji kwenye kikombe, akashika vidonge, akasukuma mlango. Lakini malezi ni malezi. Aliingia kinyumenyume, mgongo mbele, akipapasa kwa kisigino kama anayeshuka mtoni.

"Nani huyo?" Kitanda kililia, blanketi likavutwa kwa haraka. Mzee alikuwa amejifunika mpaka kichwa.

"Ni mimi, baba. Ikupa." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hufi, baba."

Kitanda kikaacha kulia.

"Ni sindano. Inaleta homa, inaleta baridi, viungo vinauma. Siku mbili tatu inakwisha. Nilipaswa kukuambia jana, nikakimbia. Nisamehe, baba. Kifua kinabana?"

Blanketi ndilo lililojibu. "Hakibani. Ni viungo. Kama niliyebebeshwa magunia."

"Unahema vizuri?"

"Nahema."

Ikupa akapeleka mkono nyuma, kikombe na vidonge. Mkono wa moto ukavichukua. Akasikia mzee akimeza, akasikia maji yote yakiisha, akamshukuru Mungu.

"Kumbe sifi?" mzee akauliza. Sauti ilikuwa na aibu kidogo.

"Hufi, baba."

"Na mimi nimeshamliza mwenzako huko Tunduma." Akaguna. Ikupa akaanza kusogea mlangoni, akihisi kazi yake imekwisha.

"Wewe nawe ulichomwa?"

"Jana, baba. Nilikuwa wa mwisho."

"Unaumwa?"

Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza. Wala yeye hakujiuliza. Alitaka kusema hajambo, kama anavyosema siku zote, ila machozi yalikuwa yameshamwahi.

"Naumwa, baba. Naumwa sana."

"Basi kaa," alisema mzee Nsajigwa kutoka ndani ya blanketi. "Utaangukia huko nje, nani atakuokota? Kaa hapo, mwanangu."

Ikupa akakaa chini kwenye sakafu ya nyumba ile, mgongo bado kwa mzee, akajifunika kitenge na kuacha mwili utetemeke unavyotaka.