Picha Nyuma ya Gauni

Siku ninayotaka kukuhadithia, mwanangu, nilikuwa mwari wa miaka kumi na tisa, umebaki mwezi mmoja niolewe, na kiburi changu hakikuwa na mfano. Nilitaka gauni ambalo mtaa wetu mzima wa Mlandege haujapata kuliona.

Jirani yetu Ami Khamis alikuwa mpishi wa melini zamani. Katika safari zake alinunua gazeti moja la picha la Kimarekani, kubwa kama sinia, akarudi na sanduku zima la matoleo yake. Alituruhusu kuyatazama barazani kwake, kwa sharti tunawe mikono. Habari za gazeti hilo alizijua kama za ukoo wake: kwamba jina lilinunuliwa kutoka gazeti la vichekesho, kwamba toleo la kwanza, kabla ya vita vikuu vya pili, lilikuwa na picha ya bwawa mbele, na kwamba ndani yake picha ndizo zilizosimulia, maneno yakawa machache. Mwisho lilifungwa huko huko kwao, maana wenye matangazo walihamia kwenye televisheni. Sisi Unguja televisheni tulikuwa hatujaiona bado, na tayari ilikuwa imeshatuulia gazeti letu.

Wakati ule ukitaka nguo ya mtindo mpya, unampelekea fundi picha. Hakutaka maelezo yako. Aliibandika ukutani mbele ya cherehani akaifuata kwa macho. Basi siku moja Ami aliniazima gazeti nikamwoneshe mama, na humo nikaliona gauni langu, jeupe, mikono mirefu, kola ya lesi. Ningemwomba, angeniacha nimpelekee fundi gazeti zima. Sikuomba, niliogopa kunyimwa. Nikachukua mkasi, nikalikata gauni kwa kulizunguka, na vipande vya pembeni nikavitia jikoni motoni. Picha nikampelekea fundi, gazeti nikalirudisha, nikajiambia ukurasa mmoja katika sanduku zima nani ataujua.

Siku ya tatu akaniita.

"Naam. Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kaa." Gazeti alilishika wazi, lina tundu. Hakupaza sauti. "Nyuma ya gauni palikuwa na nini?"

"Sijui, Ami. Sikutazama."

"Palikuwa na mdogo wangu, Makame."

Ndipo akanieleza. Makame naye alikuwa baharia, akapigwa picha gatini pamoja na wenzake, ikatoka gazetini. Baadaye alifia melini, akazikwa baharini. Picha yake nyingine haikuwapo. Kila mwaka, baada ya Idi, mama yao Bi Mwanahawa alikuja kutoka kijijini Uroa kumtazama mwanawe kwenye picha hiyo, na safari hii alikuwa anakuja Ijumaa.

Nilikwenda mbio kwa fundi. Nyuma ya gauni lile nilikuta bega na mkono mmoja. Uso ulikwenda na vile vipande nilivyovichoma. Nikarudi kwa Ami nikasema tuandike barua, tuombe gazeti jengine kama lile.

"Tumwandikie nani?" akauliza Ami. "Lishafungwa. Na mama simwambii mimi, utamwambia wewe."

Ijumaa nikamwambia, nikampa kipande kilichobaki. Bi Mwanahawa alikishika, akakipapasa kwa kidole. Hakunitukana, na laiti angenitukana.

"Macho yangu yashaingia ukungu," alisema. "Mwaka jana nlimwona kidogo tu. Wewe mzima wa macho, na wewe ndo wa mwisho kumshika. Hebu nambie, mwanangu, alikuwa anacheka au kanuna?"

Ami Khamis alijua jibu, lakini aliniachia mimi. Nililia. Nilikuwa nimemshika mtoto wa watu mkononi na sikumtazama.

Gauni nililivaa, na watu wakalisifu sana. Mimi halikunifurahisha hata kidogo.

Kwa hivyo, mwanangu, kitu cha mtu kiombe kabla hujakitia mkono, hata kama unaogopa kunyimwa. Ungenyimwa ungenuna siku mbili, ikaisha. Ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme, usingoje kuitwa kama nilivyongoja mimi. Na kabla hujakikata kitu, kigeuze kwanza. Mungu akupe harusi njema na nyumba yenye salama, na akuepushe, mwanangu, na swali la mama aliyefiwa ambalo jibu lake umelichoma wewe.