Udaktari au Gari la Wagonjwa

Mama alikuwa amechoka naye. Wiki ya tatu sasa binti yake anajaza fomu ya kuomba kusomea udaktari kwa penseli, anaifuta, anahamia ile ya wahudumu wa gari la wagonjwa, huku akitafuna kucha. Akiulizwa, anajibu kwa upole unaokera: "Bado nafikiria."

Jumanne jirani yao, fundi rangi, akaanguka kutoka kwenye ngazi. Binti akamfunga mguu kwa shuka na ubao, mikono imetulia tuli, akapanda naye gari la wagonjwa hadi hospitali. Alirudi amenuna.

"Wamemchukua mlangoni, mama. Sijui hata wamemfanyaje!"

"Si huko ndani ndiko kwenye udaktari, mwanangu?"

"Lakini njia nzima alinishika mkono."

Mama akashusha pumzi, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.