Sikuzima Lori Mpaka Njiro

Jamani, chekeni taratibu. Mimi ni dereva wa lori la kubebea farasi huku Kikwe, lori lenyewe linatoka mara moja moja. Juzi farasi wa bosi kaumwa tumbo, daktari wa mifugo kasema aletwe Njiro haraka. Tukampakia, nawasha, kimya. Betri imekufa. Tukamshusha ili lori liwe jepesi, vijana wakasukuma, likawaka. Nikaapa sizimi wala sisimami. Vijana wakanikimbiza wakipiga kelele, nikajua wananishangilia, nikawapigia honi. Bosi akapiga simu, sikupokea, dereva makini hapokei simu barabarani. Njiro nikashuka kifua mbele.

"Shikamoo daktari. Mgonjwa nimemfikisha."

"Marahaba."

Mzee akafungua mlango wa nyuma, akachungulia, akanigeukia.

"Kijana, mgonjwa ndiyo haya mavi?"