Chungu cha Mama na Pikipiki ya Mtaliano

Niliitaka pikipiki ya Mtaliano kwa sababu ya chungu. Wenzangu wa karakana walidhani nimepagawa na wekundu wa tangi lake, na mimi niliwaacha wadhani hivyo. Ni afadhali kuonekana mpenda anasa kuliko kueleza kwamba mtu mzima, fundi wa mitambo, hapati usingizi kwa ajili ya chungu cha udongo cha kupikia makande.

Chungu kilikuwa cha mama. Nyumba yetu ipo juu mlimani, upande wa Vudee, lakini wakati ule mimi niliishi bondeni, njia ya kwenda Kisiwani, kwenye shamba la mkonge lililokuwa limetaifishwa si muda mrefu. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Korona ikisimama, shamba zima linasimama, na lawama zote zinamshukia fundi. Siku za kwenda nyumbani zilikuwa chache.

Juu kule kulikuwa na msaragambo. Kwa asiyetoka kwetu, msaragambo ni kazi ya wote: pembe inalia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na barabara au mfereji unachimbwa bila mshahara. Hotuba za Ujamaa zilipopanda milima kuja kutufundisha kufanya kazi pamoja, wazee wetu walizisikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayefundishwa kula. Barabara yetu ilikuwa imegawanywa vipande, kila nyumba na kipande chake, jiwe huku na jiwe kule ndiyo mipaka. Hakuna aliyegusa kipande cha mwenzake. Kumchimbia mtu kipande chake ni kutangaza kwamba nyumba ile haina mwanamume.

Na asiyefika, balozi wa nyumba kumi huingia kwake akachukua kitu: kuku, jembe, sufuria. Mjane na mzee husamehewa, lakini si nyumba yenye kijana mwenye nguvu. Kitu hicho hukaa kwa balozi mpaka mwenye kosa alipe siku zake kwa jembe, ndipo kinarudishwa.

Nilikosa siku mbili. Nilituma salamu kwamba shafti ya korona imekatika na siwezi kutoka. Balozi akaenda kwa mama, akakuta makande yanatokota. Akayamimina kwenye sinia taratibu, asidondoshe hata punje, akachukua chungu kingali cha moto, akaondoka nacho. Balozi huyo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja.

Mama alinisimulia bila kulia. Alisema tu kwamba mjomba aliungua vidole na hakutoa sauti. Nilifurahi kusikia kwamba aliungua. Nilitamani angeungua mpaka kwenye viwiko.

Ningeweza kukikomboa chungu kwa siku mbili za kuchimba, na mama aliniomba hivyo. Nilikataa. Sikukosa kwa uvivu, nilimwambia, nilikuwa kwenye kazi ya taifa, tena kama mjomba ameshachukua chungu basi amejilipa, kipande chetu akachimbe yeye. Mama akawa anaazima chungu kwa jirani kila anapotaka kupika makande, na kila alipokirudisha alitia ndani yake maharage kidogo ya shukrani. Masika yakapita hivyo, na vuli. Niliuona unyonge wake, na kila mara nilimwandikia mjomba kosa hilo, kamwe si mimi.

Ugumu wa kumlipiza mjomba ni kwamba kwetu mjomba haguswi. Humtukani, humfokei, na shikamoo huwezi kumnyima hata kama umemkasirikia kiasi gani. Akikutamkia neno baya, linakufuata mpaka kwa watoto wako. Kwa hiyo nilitafuta kitu kisichokuwa neno wala mkono, na nilikipata: vumbi. Kila Jumapili mjomba alitoka kanisani na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inasimama, akashuka katikati ya barabara kana kwamba ameizaa yeye. Ningempita kwa kasi kiangazi, shati libadilike rangi mbele ya washarika wote, halafu niseme sikumwona. Nani atalishtaki vumbi?

Ndipo Mtaliano, aliyekuwa fundi mkuu wetu, alipotangaza kwamba anarudi kwao na anauza pikipiki yake.

Ilikuwa pikipiki ya mashindano. Usukani wake ulikuwa chini, hata mpandaji alilazimika kulilalia tangi. Bomba la moshi lilipita karibu kabisa na ardhi, na sauti yake ilisikika kutoka karakana mpaka kambi ya manamba, vibarua wa mkataba. Niliikagua kama ninavyokagua mtambo, kwa dharau kwanza. Nilichomoa plagi nikaona rangi yake, nikashika gurudumu la mbele nikalitikisa, nikatazama meno ya sproketi, gurudumu la kuzungusha cheni, kama yamelika, nikapiga kiki injini ikiwa ya baridi nione moshi. Cheni ilikuwa imelegea na breki ya nyuma ilishika ikipenda. Injini ilikuwa safi. Vipuri ingebidi niagize Ulaya, au nivichonge mwenyewe kwenye mashine ya kukereza ya karakana.

Mtaliano hakunificha kitu. Alizungumza Kiswahili chake cha amri, lakini siku ile alikuwa mpole. "Wewe hapana panda mlima na hii," aliniambia. "Tumbo yake iko chini sana."

Fedha niliyokuwa nayo Posta ilikuwa ya mabati ya mama, na bei ya pikipiki ingeikomba yote. Nililala na mambo hayo mawili kichwani kwa wiki nzima: upande huu mabati, upande ule shati jeupe. Mwenzangu wa karakana, Muha aliyefika kutoka Kigoma kama manamba na kuishia kuwa fundi hodari kuliko mimi, ndiye pekee niliyemweleza habari ya vumbi. Alicheka kwanza, kisha akaizunguka pikipiki mara mbili.

"Jumapili nimeielewa," alisema. "Jumatatu utaifanyia nini?"

Nilimwambia Jumatatu haimhusu. Aliniambia hasira hasara, na mimi nikamwambia methali hiyo ilitungwa na watu walioshindwa. Nilikuwa na majibu ya kila kitu siku zile.

Mtaliano alikubali niijaribu Jumapili moja. Niliacha kwake sanduku langu la spana kama rehani, nikaondoka jua likiwa limeshachomoza vizuri. Kwenye lami ya kuingia Same niliielewa mashine ile. Ilikwenda kama imetukanwa. Watu wa sokoni waligeuka wote kwa pamoja, na nilijiona mtu mwingine, si fundi mwenye grisi kwenye kucha. Nakiri kwamba kwa maili chache nilimsahau mjomba kabisa. Kama ningegeuza hapo, habari hii isingekuwepo.

Nilianza kupanda. Barabara ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka, na hilo nalo lilinikera, kwa sababu uzuri ule ulikuwa kazi ya mjomba na pembe yake. Kila kipande kilikuwa kimesawazishwa, mitaro imezibuliwa. Nikazidi kuvuta mafuta. Nilipokunja kona ya chini ya kanisa nikaliona kundi la washarika, na mbele yao, katikati kabisa, shati jeupe. Nililala juu ya tangi, nikapandisha gia.

Sikuliona jiwe la mpaka. Baada ya jiwe lile barabara ilikuwa imekatwa na maji ya mvua, korongo la kina cha goti, mtaro umejaa udongo na nyasi. Tumbo la pikipiki liligonga ukingo, nikaruka, nikateleza kwa kifua mpaka nikakomea miguuni pa watu. Viatu vya kwanza nilivyoviona vilikuwa vya mjomba.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa rahisi kama wangecheka. Nilikuwa nimelala chini, damu kwenye viwiko, na kwa kuwa yeye ni mjomba na mimi ni mpwa, nilimwamkia hapo hapo chini. Aliitikia marahaba, akainama, akanishika kwapani akaniinua. Shati lake halikuwa na doa, ila pale nilipoliegemea.

"Hapo ulipoangukia ni kipande cha kwenu," alisema. Kisha akashusha sauti, wengine wasisikie. "Walitaka kukichimba. Niliwakatalia. Niliwaambia nyumba ya dada yangu ina mwanamume."

Sijawahi kupigwa kofi lililouma kama lile. Huku nyuma mafuta ya injini yalikuwa yanatiririka kwenye vumbi, na sikuhitaji kuinama kujua kwamba kasha limepasuka. Kitu cha mtu ukikivunja umekinunua. Sikuwa na la kupima tena: fedha ya mabati ilikwenda kwa Mtaliano juma lile, naye aliipokea akitazama pembeni, akanirudishia sanduku langu la spana.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda kwa miguu, nikachimba siku mbili. Nilijaza korongo mawe, nikazibua mtaro, nikachimba na mwingine mpya. Mjomba alikuja jioni ya siku ya pili na chungu mikononi, kimesuguliwa nje na ndani, akamkabidhi dada yake mbele yangu. Mama alipika makande usiku ule na mjomba akala kwetu. Alisifu chumvi. Nilitafuna kila punje nikimchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu sikuwa na sababu. Pikipiki tulikuwa tumeiburuta mpaka nyuma ya nyumba, na kuku wakaanza kulala juu ya tangi.

Mtu akisema wakati huponya, huyo hajakaa na kitu kikubwa chekundu nyuma ya nyumba yake. Niliipita kila asubuhi nilipohamia tena nyumbani, baada ya mkonge kudorora. Nilioa, nikajenga, mabati nikaja kuyaweka kwa tabu. Mjomba akazeeka, macho yakapungua nguvu, akaachia ubalozi, na watu, ambao hawakujua lililo moyoni mwangu, wakanichagua mimi.

Mtoto wake wa kiume alikuwa Same mjini, akichomelea vyuma kwenye gereji ya mtu. Alikosa msaragambo siku mbili mfululizo. Alituma salamu kwamba kazi imembana.

Ningeweza kuchukua kuku, walikuwepo wengi uani. Ningeweza kuchukua jembe. Nilisubiri mpaka moshi ulipotoka jikoni, ndipo nikaingia. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Nilimwamkia, akaitikia, na mkewe akainuka bila kuambiwa akaniletea sinia. Niliyamimina makande. Punje kadhaa zilidondoka chini, na sitasema ilikuwa bahati mbaya.

Nilikuwa nimeingoja saa ile miaka. Nilitaka aseme kitu, aombe, akasirike, anilaani hata, ili nijue imemfika. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Chukua majani ya mgomba hapo, mpwa," alisema. "Kinaunguza sana."

Nilikibeba kwa mikono mitupu, mpaka kwangu. Mama alikuwa uani anapepeta mahindi. Alikitazama chungu, akaitazama mikono yangu ilivyovimba. Aliingia jikoni akatoka na chungu chake, kile kile, akaenda kumwazimisha kaka yake.