Mwanamume kwenye Moto wa Vyungu

Yote yalianza na watoto wa Kizungu. Walikuwa wanashuka barabara ya Magamba na wazazi wao, kila mmoja amekumbatia kibakuli cha udongo chenye mistari myekundu na myeupe. Wangu walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya nyumba wanamenya njegere. Njegere zikasahaulika.

"Mama, na sisi," akasema mwanangu wa kiume.

"Wale wamelipa."

"Yule bibi mfinyanzi si rafiki yake bibi yetu?" akasema dada yake, ambaye siku zote huja na hoja.

Ni kweli. Mfinyanzi yule alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu, na mimi nilimwita mama. Ilikuwa miaka ile watalii walipoanza kuja Lushoto, maduka yakajaa ndoo za plastiki na sufuria, mitumba ikafika mpaka magulio ya milimani. Plastiki ilimwumiza mama yule. Alikuwa anashuka gulioni na vyungu vyake na kupanda navyo. Watalii nao wakamwinua kidogo, maana walipenda kukaa uani kwake wapake rangi vibakuli kwa mikono yao. Sijui niseme mambo ya siku hizo yalikuwa mabaya au mazuri. Kwake yalikuwa yote mawili.

Tukaenda Jumamosi, kwa miguu, kupitia njia ya Kwai. Ukungu ulikuwa bado haujainuka.

"Shikamoo bibi," watoto wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu. Mmekuja kunisaidia au kunimalizia udongo?"

Uani tulimkuta mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, mwanamke mcheshi mwenye ulimi mwepesi. Ndiye aliyeninong'oneza kwamba leo si siku ndogo. Nyumba mpya ya wageni kule mjini imeagiza vyungu vya maua, vimejaa pale ukutani, na mwenyewe atakuja kesho asubuhi kuvichukua. Vikimpendeza, atachukua kila mwezi. Visipompendeza, ng'ambo ya bonde kuna mfinyanzi mwingine, tena kijana.

"Vinachomwa leo," akasema. "Mama hajalala."

Nilitaka kurudi. Mama akakataa, akasema vibakuli vya watoto ni vidogo, vitajipenyeza katikati ya vyungu vyake. Akawapa kila mmoja kibakuli kikavu, akawawekea udongo mwekundu kwenye kifuu, na mweupe kwenye kifuu kingine, na unyoya wa kuku wa kupakia. Mwanangu alichora gari la abiria lenye magurudumu sita. Binti alichora maua, hakuridhika, akayafuta kwa maji, akachora tena, akayafuta tena.

"Punguza maji, mama," bibi akamwambia. Niliona binti ameitikia kwa kichwa. Kama alipunguza sikuangalia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Msambaa hahitaji kuelezwa. Kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mwanamume hakanyagi panapochomwa vyungu. Akisogea, vyungu hupasuka. Mtoto wa kiume mdogo hana neno, bado anahesabiwa na mama yake. Lakini akishatahiriwa amehama.

Wangu alikuwa ametahiriwa likizo iliyopita, hospitalini, na daktari, kwa sindano ya ganzi. Hapakuwa na ngoma wala wazee. Baba yake alisema mambo ya mila yatafuata akikua. Kwa hiyo kichwani mwangu alikuwa ni mtoto aliyekwenda hospitali, basi, kama aliyeng'olewa jino. Nimejiuliza mara nyingi kama asubuhi ile jambo hili lilinipitia kichwani nikalisukuma kando. Nadhani halikunipitia. Kuapa siwezi.

Jua lilipokolea vibakuli vikaanikwa, na alasiri mama akapanga vyungu chini, mdomo kwa mdomo, vibakuli vya watoto katikati. Akafunika kwa kuni, na magome, na nyasi kavu. Akawasha.

Moto ulikuwa umeshika upande mmoja mkwe alipoanza utani wake kwa mwanangu.

"Wewe mchumba, posa yangu unaleta lini? Mimi nachoka kungoja."

"Wewe una mume," mwanangu akasema.

"Huyo nitamfukuza. Ila sitaki mtoto, nataka mwanamume."

"Mimi mwanaume," akasema kwa sauti ya kutosha watu wote. "Nimeshatahiriwa. Hospitali. Na sikulia."

Mama hakugeuka. Alikuwa na fimbo ya kusogezea kuni mkononi, ikabaki hewani.

"Ni kweli?" akaniuliza mimi, akiutazama moto.

"Ni kweli mama. Lakini ilikuwa hospitali tu, hakuna kilichofanyika cha..."

"Kisu hakikupita?"

"Kilipita."

"Basi mtoe."

Mkwe akapaza sauti. "Watu wa mjini! Anajua, dada huyu anajua kabisa, kamleta mpaka motoni! Kesho mama atasimama na vigae mbele ya mgeni wake!"

Nikamshika mwanangu mkono nikampandisha mpaka njiani, juu ya uzio wa matete. Nikamwambia akae, aupe moto mgongo, asigeuke.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Na gari langu?"

"Litaiva."

Sikujua kama litaiva. Niliporudi uani, mwali ulikuwa umepanda sawasawa pande zote. Tulisikiliza. Mtu asiyewahi kusubiri vyungu hajui masikio yanavyoweza kuuma. Kila kijiti kikialika mkwe alinitazama, na mimi nilimtazama mama, na mama hakumtazama mtu.

Kisha ukaja mlio ambao haukuwa wa kijiti. Mmoja, mzito, kama kofi.

"Nilisema," mkwe akasema polepole. Mara hii hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

Binti yangu akaanza kulia. "Ni kaka. Kwa nini tulikuja naye?"

Kutoka juu njiani mwanangu akaita, "Mama! Tayari?"

Moto ukashuka ukawa makaa, makaa yakawa majivu. Mama akaingiza fimbo ndefu, akatoa chungu cha kwanza, akakigonga kwa ukucha. Kikalia vizuri. Cha pili vilevile. Alivitoa vyungu vya maua kimoja kimoja, na kila kimoja alikigonga akakisikiliza, na mimi nilikuwa nahema pamoja naye. Vyote vilikuwa vizima, isipokuwa kimoja kilichomenyeka ukingoni kidogo, mahali kipande kilipokirukia. Kipande hicho kilikuwa cha kibakuli cha binti yangu. Kibakuli chenyewe kilikuwa kimepasuka vipande vipande, maua yote.

Mkwe alisema, "Mmeona?"

Mama akaokota kigae, akakipoza, akakigeuza kwenye mwanga. "Huyu mtoto alichovya kama anayeosha vyombo. Humu ndani mlikuwa na maji." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu awashe. "Nimesema kilichopasua hiki ni maji. Sijasema mwiko ni uongo. Asije tena hapa."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Wewe njoo. Huyu naye umlete," akamgusa binti kichwani. "Nitamfundisha maji."

Nilidhani nitapewa mimi kibakuli cha gari nikipeleke juu. Akakichukua yeye. Alikuwa na magoti mabovu, na kile kilima ni kikali, lakini alikataa mkono wangu. Alipofika njiani alisimama mbali kidogo na mwanangu, kama tunavyosimama mbele ya wanaume wa watu, akakiweka kibakuli kwenye nyasi kati yao.

"Haya mgoshi," akasema. Mgoshi ndivyo tunavyomwita mwanamume. Asubuhi alikuwa amemwita mjukuu. "Chombo chako hicho. Kimeiva vizuri."

Mwanangu alikiangalia kibakuli, akamwangalia bibi. Mistari ya gari ilikuwa imekolea, magurudumu yote sita.

"Mimi siyo mgoshi," akasema. "Nilisema uongo. Nililia hospitali."

Bibi hakucheka. "Hata hao wengine hulia," akamwambia. "Chukua."

Akakichukua kwa mikono miwili. Njiani kurudi alitembea mbele yetu peke yake, na kila dada yake alipomkaribia aliongeza mwendo.