Mkoba wa Damu ya Mzee

Juzi ofisini, binti anayekaa meza ya pili kutoka kwangu alichukua vile vitambaa laini vya kufutia watoto akaanza kusugua pochi yake mpya ya ngozi. Cha kwanza kikatoka na wekundu, cha pili kikatoka chekundu zaidi, naye akazidi kusugua. Nilijikuta nimeinuka na kumshika mkono. "Acha, mdogo wangu, hiyo siyo taka, ni rangi." Akacheka, akaniuliza mambo ya ngozi nimeyasomea wapi. Nikamwambia nimeyasomea Nkuhungu, uani kwa bibi, na mtihani wa kwanza nilifeli.

Sijui kama wewe uliijua Nkuhungu ya wakati ule, upepo wa kiangazi ukivuma hata ugali unatafuna na mchanga. Bibi alitokea Kondoa, akaja mjini na babu aliyekuwa mfanyabiashara. Babu ndiye aliyemnunulia mkoba wa ngozi wa rangi ya damu ya mzee, wenye kishikizo cha shaba. Babu alipofariki, mkoba ukawa kama wa mtaa mzima. Anayekwenda harusini, anayekwenda kujitambulisha ukweni, anayeitwa kwenye usaili, wote walipita kwa bibi. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini mkoba ule uliwasitiri wengi. Nao haukurudi mtupu. Aliyeuazima aliweka humo chochote, hata kama ni ubuyu wa watoto.

Kila uliporudi, bibi aliusafisha. Kwanza kitambaa kikavu, kuondoa vumbi kwenye mishono. Halafu kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kilichokamuliwa hadi tone la mwisho. Maji tulikuwa tunayapangia foleni, lakini bibi alisema hata mto ungepita uani, ngozi yake isingeoga. Aliukausha kivulini karibu na mlango wa jiko, palipokuwa pakinukia mlenda, kisha akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo pamoja na nta kidogo na kuupaka kwa ncha ya kidole. "Mafuta kidogo, mkono mwingi," alikuwa akisema. "Ngozi ikishiba hutapika." Asubuhi aliusugua kwa kitambaa cheupe. Kikishika rangi, anarudia. Mpaka kitambaa kibaki cheupe, mkoba hautoki.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi dada mmoja aliyemaliza chuo cha uuguzi na kukaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Siku moja akaitwa kwenye usaili. Bibi alikuwa anaumwa kiuno, akanikabidhi mkoba niusafishe peke yangu kwa mara ya kwanza. Mimi, kwa kutaka sifa, niliupaka mafuta kama mtoto anayepelekwa kwenye Idi. Uling'aa hadi nikajiona ndani yake. Asubuhi wenzangu wakaniita kucheza rede, na kitambaa cheupe sikukigusa. Dada alikuja na blauzi yake nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. "Leo mkoba umenawiri!" akasema, nami kichwa kikavimba.

Alirudi mchana. Ubavu wake wa kushoto, kutoka kwapani hadi kiunoni, ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyechomwa kisu. Alimsimulia bibi jinsi alivyoubana mkono usaili mzima ili doa lisionekane, hata alipoambiwa aoneshe anavyofunga bandeji. Alijaribu kuifunga kwa mkono mmoja. Kazi hakuipata. Na ndani ya mkoba, baada ya yote hayo, alikuwa ameweka karanga zilizofungwa kwenye karatasi.

Bibi hakunipiga. Alisubiri dada aondoke, akaniambia, "Mke mwenzangu, nenda kamwambie mwenyewe."

Nilimkuta ameloweka blauzi kwenye beseni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Ni mimi. Nilizidisha mafuta, halafu sikufuta." Nikaanza kulia.

Alikamua blauzi, akaikunjua, akaitazama. "Nikisema sijaumia nitakuwa nakudanganya," alisema. "Nimeumia sana. Haya, nenda nyumbani, bibi asikutafute." Ni hayo tu. Ningefurahi zaidi angenizaba kofi.

Baada ya miezi kadhaa aliitwa tena, safari hii Bahi. Alipokuja, bibi alishaanza kutafuta vitambaa vyake, uso umemshuka kwa aibu.

"Bibi, wewe pumzika," dada akasema. "Mkoba atausafisha huyu."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Na nitavaa nyeupe."

Jioni ile niliupaka mafuta ya ncha ya kidole, na kulipokucha nikausugua hadi kiganja kikawaka moto. Wenzangu waliita, sikutoka. Dada alipofika nilimnyooshea kitambaa aone kilivyobaki cheupe. Hakukitazama. Aliupachika mkoba kwapani, akaubana kwenye blauzi, akaenda zake.

Kazi aliipata, akahamia hukohuko Bahi, na tukapoteana. Bibi naye ametangulia. Ua ule sasa una ukuta na vyumba vya kupangisha, na kila mmoja wetu ana mikoba yake kabatini. Hakuna anayebisha hodi kuazima. Simlaumu mtu, na mimi ninayo minne. Ila namshukuru sana dada yule, popote alipo. Tangu hapo wengi wamenisamehe makosa makubwa kuliko lile, na kila mmoja nimemshukuru kwa moyo wote. Lakini wakishanisamehe, kile kitu nilichokiharibu hukiweka mbali nami. Yeye alinirudishia mikononi, kisha akavaa nyeupe.