Skafu ya Manyoya ya Leonsia

Mke wangu Leonsia ni Mhaya, na Mhaya akianguka husema ameamua kukaa. Namtania hivyo tangu nilipomuoa, naye hunijibu, "Ngosha, wewe ukikaa tu, umelala." Ngosha ndivyo wanavyotuita wanaume wa Kisukuma; jina langu ni Machibya, mtu wa Sengerema, mstaafu wa kufunga kamba za kivuko pale Kamanga. Siku hizi tunaishi Butimba. Nawaambia mapema kwamba hapa nitajisifu, na asiyependa azibe masikio, maana ninayemsifu ni mke wangu na haki hiyo ninayo.

Leonsia ni mfumaji. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamekwenda shule na sweta zake, na kila mjukuu wetu alitoka wodi ya wazazi amefungwa shali ya bibi yake. Kazi hiyo aliizoelea Kamanga, alipokuwa binti anayeuza maandazi gatini. Alifumia chini ya kitenge, macho kwa abiria, kwa sababu abiria akikuona umeinamia mambo yako anapita zake kwa jirani. Mimi nilikuwa juu ya kivuko na kamba mkononi, nikijiuliza kile kitenge kinachezacheza nini. Nikashuka kuuliza, na sikurudi mzima.

Sasa macho yake yamekwisha. Ugonjwa wa sukari uliyala polepole, na daktari alitueleza wazi kwamba yaliyokwenda hayarudi. Watu walijua anaona kwa shida. Kwamba haoni kabisa nilijua mimi peke yangu. Kanisani nilimshika mkono, wanakwaya wakatucheka, "Jamani, wazee wa mapenzi!" nami nikacheka nao. Kufuma aliacha, akasema amechoka. Uongo mtupu! Aliogopa kosa lake lisije likavaliwa barabarani.

"Wakijua sioni," aliniambia, "wataanza kunisemesha kama mtoto mchanga. Mimi bado ni Leonsia."

Basi mjukuu wetu Queen akapata nafasi ya kwenda kusoma China, kaskazini kabisa, ambako alituambia mto unaganda hadi watu wanatembea juu yake. Sisi watu wa ziwa tulishangaa. Maji yabebe mtu bila mtumbwi? Akaagiza uzi wa manyoya ya bandia, wa kijivu, mwororo, ili afumiwe skafu ya duara, ile isiyo na ncha, unaipitisha kichwani inatua shingoni. Kwa kuwa bibi "amechoka", aliupeleka kwa jirani yetu Evelina, aliyerithi wateja wa Leonsia.

Haikupita wiki, Evelina akaja na uzi wake kwapani.

"Shikamoo mama. Huu si uzi, ni paka! Manyoya yanafunika vitanzi, sioni ninapochoma sindano. Na ukikosea haufumuki, yanashikana. Queen atanunua hukohuko."

"Marahaba. Mjukuu wangu avae shingoni kitu cha dukani, na mimi ningali hai?" Leonsia alinyoosha mkono. "Lete hapa."

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Evelina alipoondoka nilimwambia, "Mama Suzana, Jumamosi tunamuaga Queen, ukoo wote utakuwepo. Ukiharibu, siri yako imekwisha."

"Evelina ana macho mawili mazuri," akasema. "Yamemsaidia nini?"

Nikaenda kumtafutia sindano zake.

Mungu wangu, laiti mngemwona! Aliyapekua yale manyoya kwa kidole gumba kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mwanawe, akakigusa kitanzi, akakichoma, akavuta, huku akihesabu kwa Kihaya. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani kama zamani ulivyoelekea kwa abiria. Nilikaa pembeni nikijifanya nasikiliza redio. Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Ijumaa, imebaki kidogo kumaliza, mikono ikasimama. "Kitanzi kimoja kimedondoka," akasema. "Huku chini."

Nikatazama, nikaipeleka skafu kwenye mwanga. Niliona manyoya tu, yamejaa, yanapendeza. "Hakionekani. Kiache, mama. Nani atakiona?"

"Baridi itakiona."

Akaanza kufumua. Hapo ndipo nilipomwelewa Evelina, maana kila unywele ulimkumbatia mwenzake. Nikajaribu kusaidia, akanichapa mkono. "Usivute! Hii si kamba ya kivuko!" Alitenganisha unywele kwa unywele mpaka akalifikia lile tundu, kisha akaanza kupanda upya. Jumamosi, wageni wakipangiwa viti uani, ndipo alipokata uzi.

Queen aliivaa palepale. Jua la Mwanza linachoma, jasho linamtiririka, na hataki kuivua! Mashangazi wakaja kuishika, wakaipapasa, vigelegele vikapigwa. Mimi kifua kilikuwa mbele kuliko tumbo, na tumbo langu si dogo.

Evelina hakupiga kigelegele. Aliigeuza skafu shingoni mwa Queen, akaikagua ndani na nje, mstari kwa mstari, akakosa pa kushika. Akamgeukia mke wangu.

"Mama, niambie ukweli. Vitanzi vya humu uliviona vipi?"

Nilifungua mdomo niseme lolote, hata la miwani mipya. Leonsia akaniwekea mkono gotini.

"Sikuviona," akasema kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Hata wewe sikuoni, Evelina. Nakujua kwa sauti. Mimi ni kipofu, na skafu hiyo nimeifuma mimi."

Binti yetu Suzana akashika mdomo. Nilisubiri ile huruma aliyoiogopa, nikiwa tayari kugombana na yeyote atakayeanza kumwambia "pole bibi, pole."

Evelina alivua viatu, akaja kukaa mkekani, miguuni pake.

"Nifundishe, mama."

"Fumba macho kwanza," Leonsia akamwambia, "halafu ulete mikono."

Na Evelina, mbele ya ukoo mzima, akafumba.